Philomena Asiyeongeza Neno

Kati ya mwaka 2013 na 2015, karibu kila mtu aliyetafuta kazi Kasulu alikuwa amewahi kufanya kazi Mtabila. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyewapeleka huko. Nilikuwa na steshenari karibu na stendi: kompyuta moja, printa moja iliyokuwa ikitafuna karatasi, na mashine ya kopi niliyoifunika kanga kuzuia lile vumbi letu jekundu. Mtu anakuja na cheti chake cha kidato cha nne, anataka CV. Nikimuuliza uzoefu wa kazi, anaanza kuangalia dari. Basi namwuliza umri, napiga hesabu, namwandikia: Mtabila, 2010 hadi 2012, msaidizi wa hiki au kile. Kambi ile ya Warundi ilifungwa mwishoni mwa 2012, watu wakarudishwa kwao, nyumba za udongo zikabomolewa na mashirika yakafunga virago. Nani angekwenda kuuliza? Angeuliza nyasi?

Ndani ya kompyuta nilikuwa na CV moja tu, ya mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa mteja wangu wa kwanza, imeandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka. Kila aliyekuja, nilifuta jina la mwalimu nikaweka lake. Ndiyo maana Kasulu nzima ilikuwa inapenda kusoma magazeti na kutazama mpira wa miguu, hata mama mmoja wa makamo aliyeomba kazi ya kupika. Sikuwa naona ni uongo. Niliona ni msaada, tena nilikuwa naringa nao.

Philomena alikuja dukani Oktoba 2015, asubuhi ya Jumatatu. Sikufurahi kumwona. Nilikuwa na kinyongo naye tangu mwaka 2012, kwa jambo alilolisema mbele ya daktari kuhusu mimi. Nitalieleza likifika mahali pake. Kwanza nimsemee yeye, maana mtu huyu hana anayemsemea.

Alizaliwa Kumsenga, upande wa Kibondo, akasoma hadi kidato cha nne, akaolewa Muyama. Mume alipofariki alihamia Kasulu na mama yake mzazi. Mwaka 2003 mama akaugua, Philomena akampeleka kwenye kituo kimoja cha afya hapa mjini. Daktari alikuwa mgeni, ametokea Songea, hajui Kiha, lugha ya huku, hata salamu. Mama naye alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, cha bei na cha kukataa bei. Kiswahili cha kueleza maumivu hakuwa nacho. Philomena akasimama katikati, akawa anachukua neno huku analiweka kule. Walipotoka, mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akamshika mkono, akamwambia kwa Kiha, mwanangu, na mimi nisemee.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, na hakuna aliyeitangaza. Kila Jumanne na Alhamisi, siku za kliniki, Philomena alikaa kwenye ngazi karibu na dirisha la kadi. Wazee wa Muyama na wa vijiji vya milimani wakishuka walimtafuta yeye kabla ya kutafuta kadi. Waliompa maharage alipokea, waliompa mkungu wa ndizi alipokea, na wasiokuwa na kitu walimpigia makofi ya shukrani ya Kiha, akaitikia kwa makofi yake, wakaagana. Madaktari wa serikali huja na kuondoka. Yeye alibaki kwenye ngazi yake miaka kumi na moja.

Alikuwa na sheria mbili, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye hizo. Ya kwanza, hakusema "anasema anaumwa." Alisema "naumwa." Akimsemea mgonjwa, alikuwa mgonjwa. Daktari Gasper, Mchaga aliyekuja mwaka 2009, hakuambiwa. Wiki yake ya kwanza akaingia Philomena na mzee mmoja, mzee akaongea kwa sauti ya chini, Philomena akamgeukia daktari akamwambia bila hata kupepesa jicho, "Tangu juzi sijakojoa vizuri, na mke wangu anadhani nimelogwa." Gasper alimtazama mwanamke huyu aliyevaa vitenge viwili, akatazama kadi, akatazama tena mwanamke. Wanasema alikaribia kumwita muuguzi. Baadaye ndiye aliyekuwa hampokei mzee yeyote wa kijijini mpaka apaze sauti dirishani: "Mwiteni Philomena!"

Sheria ya pili: haongezi, hapunguzi. Ndugu wa mgonjwa walimnong'oneza mlangoni, usimwambie daktari kwamba baba anakunywa. Philomena aliwajibu, "Usiseme mbele yangu usilotaka lisemwe." Na kwa madaktari ilikuwa vilevile. Daktari mmoja mwenye hasira alisema, mwambie huyu mama ni mjinga, mtoto amechelewa kuletwa. Philomena akamgeukia mama yule akamwambia kwa Kiha, wewe ni mjinga, mtoto amechelewa kuletwa. Mama akaangua kilio chumba kizima kikasikia. Tangu siku hiyo madaktari walijifunza kupima maneno yao kabla ya kuyatoa. Wengine walimchukia kwa hilo, na mimi pia nilimchukia, kwa sababu yangu.

Mwaka 2014 Gasper akahamishwa. Mkuu mpya wa kituo akabandika tangazo mlangoni: asiye mtumishi wala ndugu wa mgonjwa haruhusiwi kuingia chumba cha daktari. Siwezi kusema lilikuwa tangazo baya. Siri ya mgonjwa lazima ilindwe, na Philomena mwenyewe alilisoma akasema ni haki. Lakini haki ile ilimtoa kwenye ngazi. Akakodi shamba dogo akalima maharage.

Halafu mwaka 2015 Warundi wakaanza kuvuka mpaka tena. Kwanza walijaa kambi ya Nyarugusu, na ilipofika Oktoba ikafunguliwa upya kambi ya Nduta, huko Kibondo. Shirika moja la afya likabandika tangazo mjini: wanatafutwa wakalimani wa kliniki, awe amemaliza kidato cha nne, ajue Kirundi au Kiha, lugha zinazosikilizana, na Kiswahili, awe na uzoefu wa miaka mitatu, alete CV na wadhamini watatu. Philomena alilibandua tangazo lenyewe ukutani akaja nalo dukani kwangu. Alipiga makofi mawili madogo mlangoni kama desturi ya Waha.

"Mwakeye, Mama Abbasi," akanisalimu kwa Kiha.

"Karibu, dada Philomena." Nilijibu nikiwa nimekazia macho kompyuta.

"Nina miaka arobaini na minne," akasema, akaniwekea tangazo juu ya kibodi. "Hii ndiyo kazi pekee ninayoijua, na ndiyo mara ya kwanza nimeona imetangazwa. Niandikie."

Hata mwenye kinyongo angeguswa, na niliguswa. Nikafungua CV ya mwalimu, nikafuta jina.

"Mwajiri wako nani?"

"Wagonjwa."

"Wagonjwa si mwajiri, dada. Taja ofisi."

"Ile ngazi pale dirishani pa kadi."

"Ngazi haina sanduku la posta. Ulianza tarehe ngapi?"

"Mama alipougua."

"Cheo chako?"

Akafikiri. "Wengine walikuwa wananiita Mdomo."

Nikasikia uvivu unanipanda mpaka mabegani. Umeme ulikuwa umerudi saa hiyo hiyo na ungeweza kukatika wakati wowote, foleni ya kopi ilikuwa mpaka nje, na mtu huyu ananijibu mambo yasiyoingia kwenye kisanduku chochote cha CV. Nikamwambia, kaa hapo, nitakutengenezea. Na nikatengeneza. Miaka kumi na moja ya kweli niliitupa, nikaweka minne ya uongo, kwa sababu ile ya uongo ilikuwa na mwajiri. Mtabila, 2008 hadi 2012, Mkalimani Mkuu. Hilo "Mkuu" nilimwekea kama nyongeza ya duka. Nikampa wadhamini watatu ambao hata mimi sikuwajua vizuri, nikachapa, akatia sahihi. Kiingereza chake kilikuwa cha mwaka 1989 na hakijatumika tangu hapo. Aliniuliza tu, "Umeweka yale niliyosema?"

"Nimeweka yanayotakiwa," nikamjibu.

Aliitwa kwenye usaili Jumatano ya wiki iliyofuata. Alisafiri mpaka Kibondo kwenye tope la mvua za kwanza, akafika na viatu mkononi. Mambo ya ndani ya chumba kile alinisimulia mwenyewe, na kwa jinsi ninavyomjua, hakuongeza wala hakupunguza.

Msaili mkuu alikuwa dada mmoja anaitwa Herieth, mwenyeji wa Mbeya, aliyekuja Kibondo kikazi. Alikuwa na rundo la CV mbele yake na sura ya mtu aliyechoka. Akachukua ya Philomena, akasoma, akavuta pumzi.

"Mtabila," akasema. "Wewe ni wa kumi na saba leo. Haya, niambie, kliniki ya Mtabila ilikuwa na vyumba vingapi?"

"Sijui," Philomena akajibu. "Sijawahi kuingia Mtabila hata siku moja. Nilipita barabarani tu."

Mwenzake Herieth akacheka akidhani ni utani. Herieth hakucheka. Akamwambia, "Wenzako kumi na sita wamenitajia idadi ya vyumba, kila mmoja ya kwake. Wewe hapa umeandika miaka minne. Hii karatasi ya nani?"

"Jina ni langu. Sahihi ni yangu. Maneno si yangu."

"Nani aliandika?"

Hakunitaja. Angeweza kunitaja, na angekuwa na haki, na mpaka leo nikikumbuka kwamba hakunitaja natamani ardhi ipasuke. Akasema tu, "Niliyemwamini."

Herieth akamrudishia karatasi. "Mama yangu," akasema, "mimi siwezi kumchukua mkalimani asiyejua karatasi yake mwenyewe inasema nini. Utawasemeaje wagonjwa?" Philomena akainuka. Alipofika mlangoni, Herieth akaongeza, "Kama unayo ya kweli, ilete kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Siahidi kitu."

Alhamisi asubuhi nilikuta amekaa kwenye ngazi ya duka langu. Alinisubiri nifungue, nifagie, niwashe kompyuta, watu wanne watano wakiwa wameshaingia, ndipo akaiweka karatasi mezani. Ilikuwa na alama ya kidole cha tope pembeni.

"Nisomee," akasema. "Kwa Kiswahili. Kama ilivyo."

"Dada, tuingie huku nyuma..."

"Hapahapa. Kama ilivyo."

Nikasoma. Sijawahi kusoma kitu kizito kama kile, na nilikuwa nimekiandika mwenyewe. Nikisoma mstari, ananisimamisha.

"Mkalimani Mkuu, Mtabila. Hilo nimesema mimi?"

"Hapana."

"Endelea."

"Ana uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo, na... na ujuzi wa kutumia kompyuta."

"Nimesema mimi?"

"Hapana, dada."

"Endelea."

"Anapenda kusoma magazeti na kutazama mpira wa miguu."

Mtu mmoja kwenye foleni akashindwa kujizuia akacheka. Mama mpishi, yule wa makamo, alikuwepo siku hiyo kuchukua kopi zake. Akaitoa CV yake kwenye bahasha akaisogeza mezani taratibu, akaniambia, "Mama Abbasi, na mimi niangalizie. Mpira huo hata kwangu upo?" Nilitamani umeme ukatike. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale mezani, mbele ya wateja wangu.

Philomena hakupaza sauti. Alisema, "Wewe Mama Abbasi ulikuwa unanifasiri. Mimi sikijui Kiingereza, ukawa mdomo wangu. Mdomo ukasema ya kwake. Wale watu wamenitazama kama mwizi, na kazi inaondoka kesho saa sita."

Nilimwomba radhi. Nilimwomba kweli, si ile pole ya kusukumia. Kisha nikafunga mlango nusu, nikawaambia wa kopi warudi baadaye, nikafuta CV ya mwalimu yote mpaka karatasi ikabaki nyeupe. "Sema," nikamwambia. "Nitaandika unavyosema."

"Kwa Kiswahili," akasema. "Wagonjwa wangu hakuna aliyeumwa kwa Kiingereza."

Tukaandika. Mkalimani wa kujitegemea, Kasulu, 2003 hadi 2014. Hilo la "kujitegemea" lilikuwa langu. Nilimweleza kwamba ndilo neno la mtu anayefanya kazi bila mwajiri mmoja, akalirudia mara mbili mdomoni, akalikubali. Nilimweleza pia kwamba hatuhitaji kuhesabu kila mgonjwa kama kazi yake. Miaka yote tunaiweka chini ya kichwa kimoja, kisha tunaeleza ndani yake alifanya nini, wapi, kwa nani na mara ngapi. Akaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Sikuajiriwa na mtu, akasema, nikaandika. Niliitwa na wagonjwa na madaktari, siku mbili kwa wiki, wagonjwa wanne au watano kwa siku. Nimefasiri uzazi, vidonda, kifua kikuu, na habari za kifo. Nasema kwa nafsi ya mgonjwa. Siongezi, sipunguzi.

"Mwaka 2014 hadi sasa?"

"Nimelima maharage."

"Hii ya maharage tuiache, dada. Haina faida."

"Nililima au sikulima?"

Nikaandika maharage.

"Mambo unayopenda?"

Akafikiri muda mrefu kuliko kwenye maswali yote. "Kukaa kimya," akasema.

Wadhamini ndio waliotutoa jasho. Asiyekuwepo na lake halipo, na watu wa Philomena hawakuwepo: madaktari wamehamishwa huku na huku kama serikali ilivyopenda, wagonjwa wengi ni wazee, wengine wameshatangulia mbele za haki. Nikampigia Saidi wa duka la dawa, Saidi akampigia muuguzi mmoja aliyehamia Kigoma, muuguzi akatoa namba. Daktari Gasper alikuwa Tunduru. Nilipotaja jina tu, alipiga kelele kwenye simu mpaka Philomena akamsikia kutoka upande wa pili wa meza: "Philomena! Yule ambaye mke wake anadhani amelogwa? Niandike! Niandike wa kwanza!" Philomena alifunika mdomo kwa kitenge akacheka mpaka machozi yakamtoka, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka. Wa pili akawa Bazilio, katekista wa Muyama, aliyekuwa akimletea wazee kwa miaka yote.

"Wa tatu?" nikauliza.

"Wewe."

"Mimi? Mimi niliyekuharibia?"

"Wewe ulikuwepo," akasema. "Mwaka ule, na mama mkwe wako. Uliyasikia mwenyewe."

Niliandika jina langu na namba yangu. Ijumaa alfajiri alipanda gari la kwanza. Saa tano na nusu alinitumia ujumbe: Imepokelewa.

Jumatatu simu ikaita, namba nisiyoijua, duka limejaa.

"Naongea na Bi Asia? Mimi naitwa Herieth, niko Kibondo. Nimeona karatasi mbili za Philomena. Ya kwanza ni ya uongo. Nataka uniambie kwa nini niiamini ya pili."

"Ya kwanza niliitunga mimi," nikasema. Nikaona watu dukani wanageuka. "Yeye hakujua. Mimi ndiye ninayeandika CV hapa stendi, na hao kumi na sita wako wa Mtabila, sidhani kama kuna hata mmoja ambaye si wangu."

Nikasikia kalamu ikigonga meza upande wa pili. Nikajua ananikasirikia, na alikuwa na kila haki.

"Basi nipe jambo moja," akasema. "Moja tu, uliloliona kwa macho yako."

Nililokuwa nalo lilikuwa moja tu, na lilikuwa lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata Rashid mume wangu. Sasa limefika mahali pake. Mimi ni mtu wa Tabora, niliolewa huku. Mwaka 2010 Rashid alimleta mama yake tuishi naye. Yeye Rashid ni dereva, wiki nzima yuko njiani, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili, mama mkwe na mimi, yeye hana Kiswahili na mimi sina Kiha. Kwetu nilifundwa kwamba mkwe unamtengea chakula, unamnawisha, unaondoka. Kukaa kumtazama akitafuna ni kukosa adabu. Nilifanya hivyo kila siku kwa heshima zote. Mwaka 2012 akaacha kula. Akakonda. Nikampeleka kwa Daktari Gasper, na Philomena akaingia nasi.

Nikamwambia Herieth hayo kwa kifupi, watu wote wakisikiliza.

"Daktari akamwuliza mama kwa nini hali," nikasema. "Mama mkwe akaongea muda mrefu, hanitazami. Philomena akamgeukia daktari, mimi nimesimama pembeni yake, akasema: 'Njaa ninayo. Mkwe wangu anapika vizuri. Anatenga, ananinawisha, anaondoka. Mwaka wa pili huu nakula peke yangu naangalia ukuta. Kwetu anayewekewa chakula akaachwa peke yake ni mbwa, au ni mgonjwa asiyetazamiwa kupona. Nimeacha kula mpaka nijue mimi ni yupi kati yao.'"

Nikaendelea.

"Alinijua, dada Herieth. Tunaishi mji mmoja, tunasalimiana sokoni. Angeweza kusema mama amekosa hamu, angeweza kusema tumbo. Hakuna ambaye angejua, na mimi ningemshukuru. Akasema yote, neno kwa neno, mbele ya daktari, na nikamchukia miaka mitatu. Huyo ndiye Philomena. Ukitaka wa kukufurahisha, usimchukue."

Herieth akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya ofisini, "Na wewe ulifanya nini, dada?"

"Nilichukua kigoda nikakaa," nikasema. "Jioni ileile. Nilikaa mpaka alipomaliza kula. Nimekaa kila siku kwa miaka miwili, mpaka alipotangulia."

"Asante," akasema, akakata simu.

Baada ya siku tisa Philomena akaja. Makofi mawili mlangoni. Akatoa bahasha ya kaki kifuani, akaifungua kwa uangalifu, akaniwekea mezani karatasi tatu zilizobanwa pamoja. Ulikuwa mkataba, nao umeandikwa kwa Kiingereza.

"Nisomee, Mama Abbasi."

Nikavuta kiti, nikamvutia na yeye kiti. Nikasoma jina lake, cheo chake, Mkalimani wa Kliniki, Nduta. Nikasoma saa za kazi na siku za mapumziko. Nikafika kwenye muda wa mkataba, nikasimama. Macho yake yalikuwa juu yangu, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo kwa miaka yote ya kumfahamu sikuwahi kuiona. Nilitamani kusema mwaka mmoja. Neno lilishafika kwenye ulimi. Baadaye tungejua cha kufanya.

"Miezi mitatu," nikasema. "Na wanaweza kuusitisha wakati wowote, kwa taarifa ya wiki mbili."

Akaangalia karatasi kama vile angeweza kuiona ile mitatu kwa macho yake.

"Hivyo ndivyo walivyosema?"

"Hivyo ndivyo walivyosema."

"Hukuongeza."

"Sikuongeza."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akanyoosha mkono. "Basi nipe kalamu," akasema.